Wastani wa KCSE hautoshi kupima shule zetu za kitaifa

Kwa Mhariri,

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yanapotangazwa, magazeti na simu zetu hujaa picha za walimu wakuu waliobebwa mabegani na wazazi wanaoimba, na swali linaloulizwa kuanzia Kondele hadi Kakamega ni moja tu: shule fulani imepata wastani wa ngapi? Siipingi furaha hiyo, kwa sababu najua jasho la walimu na usiku ambao watahiniwa hukesha. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kuifanya nambari hiyo moja kuwa hukumu kamili juu ya shule za umma zinazochagua wanafunzi bora, yaani zile tulizozoea kuziita shule za kitaifa, na ambazo chini ya mtaala wa umilisi zimewekwa katika kundi la C1. Napinga pia, na hili wenzangu wengi hawalisemi, mtindo wa kuijibu hoja ya wastani kwa kuhesabu kaunti na makabila yaliyomo shuleni, kana kwamba hesabu hiyo nayo inatosha. Shule inayojichagulia wanafunzi inafaa kuulizwa maswali mawili kwa pamoja: iliwapokea watoto gani, kutoka nyumba na shule za aina gani, na iliwaongezea nini hadi siku waliyotoka.

Nianze na alama. Wastani wa shule hupatikana kwa kujumlisha pointi za watahiniwa wote, A ikiwa 12 na E ikiwa 1, kisha kugawanya kwa idadi yao. Hesabu yenyewe haina kasoro. Kasoro iko katika tunachodai kwamba inathibitisha. Katika miaka yote ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, shule kubwa za kitaifa zilipokea watoto waliokaribia alama 400 kati ya 500, ilhali shule ya kutwa ya kaunti ndogo huko Nyakach au Butere ilipokea wenye 200 na wengine chini ya hapo. Miaka minne baadaye ya kwanza inapata wastani wa 9, ya pili inapata 4, nasi tunaandika kwamba ya kwanza ina walimu hodari na ya pili imelala. Mwalimu aliyempokea mtoto mwenye alama 200 akamfikisha C+, gredi ya chini kabisa ya kujiunga na chuo kikuu kwa shahada, ameifanya kazi ambayo hakuna jedwali linaloionyesha. Mkulima hasifiwi kwa uzito wa mbegu aliyoletewa. Husifiwa kwa mavuno ikilinganishwa na mbegu hiyo na udongo aliolimia.

Haya si maoni yangu peke yangu. Mwaka 2014 wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu shule za kitaifa za Kenya, uliotumia takwimu za wakati shule hizo zilipokuwa chache bado. Waliwalinganisha watoto waliovuka kidogo tu kiwango cha kuingia na wale waliokikosa kwa alama chache, watoto ambao kwa hakika uwezo wao ulikaribiana mno, kisha wakatazama walivyofanya katika KCSE. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba shule hizo ziliongeza alama za waliobahatika kuingia, na wakahitimisha kwamba sifa za shule hizo zilitokana zaidi na wanafunzi waliochaguliwa kuliko mafunzo waliyopewa. Mwaka huo huo wachumi watatu, akiwemo Joshua Angrist aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, walichapisha matokeo yanayofanana na hayo kuhusu shule za umma za kuteuliwa za Boston na New York nchini Marekani. Sisemi kwamba shule za kitaifa kama Maseno au Alliance hazina faida. Utafiti wa aina hiyo huwatazama wanafunzi walio karibu na mpaka wa kuingia, na haupimi maabara, viwanja, klabu, wala marafiki ambao mtu huishi nao maisha yake yote. Ninachosema ni kwamba jambo lile hasa tunalolisherehekea kila mwaka, yaani wastani, ndilo ambalo ushahidi unaonyesha shule hizi hupokea zaidi kuliko zinavyolijenga.

Kuna sababu nyingine ya kuushuku wastani unaposimama peke yake. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A katika KCSE. Mwaka uliofuata, baada ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i kukaza usimamizi wa mitihani na usahihishaji, waliopata A walikuwa 141. Watoto wa Kenya hawakupumbaa ndani ya miezi kumi na miwili, wala walimu hawakusahau kufundisha. Kufikia mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa imepanda tena hadi 1,693, na bado mzazi wa kawaida hana njia ya kujua ni sehemu gani ya mwendo huo imetokana na ufundishaji, ipi na utungaji wa maswali, na ipi na kuhesabiwa upya kwa masomo tangu mwaka 2023, ambapo wastani wa mtahiniwa hutokana na Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema. Wizara iliacha kutangaza orodha ya shule bora mwaka 2014, wakati wa Waziri Jacob Kaimenyi, lakini orodha hazikufa. Zilihamia kwenye simu, ambako hakuna anayezikagua.

Tamaa ya wastani pia huzaa dhuluma ambayo wazazi wa huku wanaijua ingawa huisema kwa kunong'ona. Nilifundisha Hisabati katika shule ya kutwa kwa miaka mingi, na mara kwa mara tulipokea wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliotoka shule kubwa, wakiwa na barua zisizoeleza kosa lolote. Mzazi alikuwa ameitwa ofisini na kushauriwa, kwa lugha ya upole, amtafutie mtoto shule inayomfaa. Mtoto huyo alikuwa amefuzu kuingia pale kwa alama zake mwenyewe. Alipoyumba, pengine kwa ugonjwa au kwa kufiwa na mzazi, shule haikujiuliza imsaidieje. Ilijiuliza atauharibu wastani kwa kiasi gani. Shule ya umma, iliyojengwa kwa kodi ya mama anayeuza samaki Dunga, haina haki ya kumtema mtoto ili jedwali lake lipendeze. Ikiwa tunataka kuipima shule kwa dhati, basi idadi ya walioingia Kidato cha Kwanza na idadi ya waliofika kwenye chumba cha mtihani zingepaswa kuchapishwa mstari mmoja na wastani wake.

Hata hivyo siungani na wale wanaotaka alama ziondolewe kabisa katika uteuzi. Mtoto wa mvuvi wa Mfangano hana mjomba wizarani wa kumpigia simu. Alama zake ndizo pekee zinazomsemea mbele ya watu wasiomjua, na kila tunapolegeza kigezo kinachoonekana na wote, anayenufaika kwanza huwa ni yule mwenye jamaa ofisini. Ndiyo maana nautazama utaratibu mpya kwa makini. Mwanafunzi sasa huingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, kwa mchanganyiko wa KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, kwa asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20, na tathmini za shuleni kwa asilimia 20. Ni jambo jema kwamba hatima ya mtoto haiamuliwi tena na siku tatu za mtihani mmoja. Lakini hiyo asilimia 20 ya shuleni inahitaji kulindwa, kwa kuwa shule yenye walimu kamili huandaa miradi na kumbukumbu za kazi za wanafunzi kwa urahisi, wakati sekondari msingi nyingi za vijijini zina mwalimu mmoja anayebeba masomo ambayo hata hakuyasomea chuoni.

Sasa nigeukie upande wa pili, huu wa sura ya taifa ndani ya shule. Wamarekani wamebishana juu yake mahakamani kwa miaka mingi, na ubishi wao una funzo kwetu. Katika jiji la New York, sheria ya mwaka 1971 inataka shule teule kama Stuyvesant ziingiwe kwa mtihani mmoja tu, na mwaka 2019, kati ya nafasi 895 zilizotolewa na Stuyvesant, wanafunzi weusi walipata 7. Huko Fairfax, Virginia, bodi ya elimu iliufuta mtihani wa kuingia shule ya sayansi iitwayo Thomas Jefferson mwaka 2020, ikaamua kwamba kila shule ya kati ipate nafasi zinazolingana na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane. Wazazi walishtaki, mahakama ya rufaa ikauunga mkono mpango huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo Februari 2024.

Msomaji wa Kenya anayesoma habari hizo atatambua kwamba jambo linalowagonganisha wenzetu sisi tulianza kulifanya kitambo. Nafasi za shule za kitaifa ziligawiwa wilaya ili mtoto bora wa Turkana asishindanishwe moja kwa moja na mtoto bora wa Nairobi, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini serikali hiyo hiyo, katika miaka ya 1980, iliziagiza shule nyingi za mikoa zichukue asilimia 85 ya wanafunzi kutoka maeneo yao. Kwa amri hiyo vijana wengi wa nchi hii walisoma, wakala na kulala na watu wa lugha yao tu kuanzia chekechea hadi kidato cha mwisho, wakapishana na Mkenya wa jamii nyingine kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima. Sidai kwamba shule ndiyo iliyoleta maafa ya baada ya uchaguzi ya mwaka 2007 na 2008, ambamo Tume ya Waki iliyoyachunguza ilihesabu vifo 1,133, kwa kuwa siasa na ardhi zilikuwa chanzo kikubwa zaidi. Lakini sisi tuliowaona watu wakishuka Kisumu kwenye malori kutoka Nakuru na Naivasha, na tuliowaona wengine wakiondolewa Kisumu hiyo hiyo kwa hofu ya maisha yao, hatuwezi kuuchukulia mchanganyiko wa wanafunzi kuwa pambo. Bweni ambalo mvulana wa Molo na mvulana wa Siaya hugawana kitanda cha ghorofa kwa miaka minne linaifanyia Kenya kazi ambayo hakuna karatasi ya mtihani inayoweza kuipima.

Kwa sababu naijali kazi hiyo, inanisikitisha kuona tunavyoipima ovyo. Shule inatangaza kwamba ina wanafunzi kutoka kaunti 40 na zaidi, nasi tunaridhika. Kaunti iliyoandikwa kwenye fomu mara nyingi ni ile ambamo mtoto alifanyia mtihani, na wote tunajua kwamba wapo wazazi wa mijini waliowasajili watoto wao katika maeneo kame ili wanufaike na mgao usiokuwa wao. Zaidi ya hapo, watoto wa kaunti 40 wanaweza kuwa wote wa nyumba za aina moja: wamesoma shule za binafsi za Kiingereza kitupu, wazazi wao wana mishahara, na kinachowatofautisha ni majina ya ukoo tu. Mwaka 2011 Wizara ilijaribu kuligusa jambo hili ilipoamua kugawa nafasi za shule za kitaifa kulingana na idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wale wa shule za binafsi. Uamuzi huo ulizua ubishi mkali, na wazazi waliojinyima ili kuwalipia watoto wao akademia walihisi kwamba wanaadhibiwa. Malalamiko yao yalikuwa na uzito. Hata hivyo swali lililoulizwa mwaka ule halijajibiwa hadi leo: mtoto wa shule ya msingi ya umma katika uwanda wa Kano, ambaye mafuriko ya Nyando humfungia darasa na kuligeuza kuwa makazi ya waliohamishwa na maji, apimwe vipi na mtoto ambaye hakukosa somo hata siku moja?

Hata mtoto huyo wa Kano anapofaulu na kuitwa, bado kuna karo. Kiwango kilichoidhinishwa kwa shule ya kitaifa ya bweni kimekuwa Sh53,554 kwa mwaka kwa mzazi, juu ya Sh22,244 ambazo serikali humtengea kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Ongeza godoro, sanduku, sare na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Mzazi anayeishi kwa kibarua cha mashamba ya miwa Chemelil huiona barua ya mwito, humpongeza mtoto, kisha humpeleka shule ya kutwa iliyo jirani. Ufadhili wa Wings to Fly na basari za NG-CDF, yaani mfuko wa maeneo bunge, na za kaunti zimewaokoa wengi, na wanaozisimamia kwa uaminifu wanastahili shukrani zetu, lakini basari ya Sh5,000 inayotolewa mwezi wa nne haimrudishi mtoto kwenye nafasi iliyokwisha kupewa mwingine mwezi wa kwanza. Mchanganyiko mzuri uliopangwa na kompyuta ya Wizara hupotea njiani, kati ya barua ya mwito na lango la shule, na hakuna anayehesabu waliopotea.

Lipo pia suala la wenyeji, ambalo huzungumzwa kwa hasira katika mabaraza yetu na kupuuzwa Nairobi. Kabla ya mwaka 2011 shule za kitaifa zilikuwa 18, nyingi zikiwa Nairobi na Kiambu. Baadaye zikaongezwa hadi zikapita mia moja, na leo Maseno, Kakamega na Friends School Kamusinga zimo katika orodha hiyo. Tulijivunia heshima hiyo, na ni haki. Lakini nyingi za shule hizi zilianzishwa na makanisa na wanakijiji, Maseno ikianza mwaka 1906, na jamii zinazozizunguka zilizitolea ardhi na michango ya harambee. Shule inapokuwa ya taifa nzima, mtoto wa kijiji kinachopakana nayo huona paa la maabara kutoka kwao na hapati nafasi. Naona si kosa kutenga sehemu ndogo ya nafasi kwa watoto wa shule za umma zilizo karibu, mradi idadi yake itangazwe waziwazi na watakaoingia waonekane wamefaulu. Hilo halitaiondolea shule sura ya kitaifa, bali litapunguza ile chuki ya chini kwa chini ambayo walimu wakuu waliotumwa kutoka mbali wameionja.

Huu ndio wakati wa kuzungumza haya. KCSE itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na kundi la kwanza la Gredi ya 12 litamaliza mwaka 2028. Tukingoja hadi matokeo hayo yatoke, tutavikuta vigezo vya zamani vimekwisha kuvaa majina mapya, na badala ya wastani wa KCSE tutakuwa tunapigania wastani wa Gredi ya 12. Tayari nasikia wazazi wakiuliza ni shule ipi iliyochukua watoto wenye pointi 70 kati ya zile 72 za KJSEA, kana kwamba kuwachukua ni kazi.

KNEC, baraza la mitihani la taifa, inayo kila kitu kinachohitajika. Mwanafunzi husajiliwa na kupewa nambari ya tathmini tangu Gredi ya 3, na nambari hiyo humfuata, kwa hiyo baraza linaweza kuyaweka matokeo ya kuingia kando ya matokeo ya kutoka bila kuajiri mtu wala kutunga mtihani mpya. Naiomba Wizara iitake KNEC ichapishe kwa kila shule ya sekondari ya juu, ndogo na kubwa, pointi ambazo wanafunzi waliingia nazo na walizotoka nazo, pamoja na idadi ya walioingia na waliomaliza. Kwa shule za C1, ichapishe pia ni wangapi waliitwa, wangapi waliripoti, wangapi walitoka shule za umma, wangapi wana ulemavu, na wangapi wanasoma kwa ufadhili kamili. Isiwe orodha ya washindi, kwani tukianza kuzipanga shule kwa nambari ya kwanza na ya pili tutakuwa tumerudi tulikotoka. Kwa jina la mwanafunzi yeyote hakuna haja. Jumla za shule zinatosha.

Bodi za usimamizi za huku kwetu hazihitaji kungoja amri. Shule yoyote ya kitaifa ya Nyanza, Magharibi au Nakuru inaweza kuandaa takwimu hizo mwaka huu kutokana na madaftari yake na kuzisoma mbele ya wazazi katika mkutano mkuu, ikieleza pia imefanya nini kuhusu wale waliohama katikati ya masomo. Na wazazi wa kundi linalofuata la KJSEA, wanapoketi na watoto wao kuchagua shule 12, wawe na takwimu hizo mbele yao kabla fomu haijafungwa.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu